Kisanduku Kilichobaki Cheupe

Kadutu, Bukavu
14 Machi 2021

Baba Mdogo mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, mimi mwanao Nsimire, pamoja na Mama, ambaye anasema usipojibu barua hii atakuja huko Australia kwa miguu. Tuko wazima. Goti la Mama linamsumbua wakati wa mvua tu, lakini unajua Bukavu mvua ni kila siku. Shule zilifungwa kabla ya Noeli na zimefunguliwa juzi. Nimerudi darasani kwangu, watoto sitini na wawili na barakoa saba. Wanazipokezana.

Msalimie Mama Mdogo Marie-Jeanne. Msalimie Ketsia, na umshukuru kwa kukubali kuzipiga picha kurasa zako na kunitumia kwa simu. Najua ungeweza kunipigia tu, lakini ulishasema mambo ya ndoa hayasemwi hewani, yanaandikwa.

Basi hili ni la ndoa. Nimepata mchumba. Anaitwa Fidèle, fundi wa friji, Mnande wa Butembo anayeishi Goma. Mama yake alifariki zamani, akalelewa na shangazi yake, Mama Katungu. Huyo ndiye mwenye neno. Amesema hawaji kupiga hodi kwetu mpaka apate barua ya ushuhuda wa ukoo, isomwe mbele ya wazee wa kanisa. Kuna mwanamke wa Walungu alimwambia huko Goma kwamba kwetu kulikuwa na mtu wa kuanguka kifafa. Hakumtaja jina.

Baba angekuwa hai angeandika yeye. Sasa mkubwa wa upande wa baba ni wewe. Naomba uandike kama jambo hilo ni kweli au si kweli. Fidèle anasema kwake halina uzito. Lakini hawezi kuoa bila shangazi, na mimi sitaki kuingia kwa watu kupitia dirishani.

Mwanao,
Nsimire


Rooty Hill, Sydney
2 Mei 2021

Kwako mama yangu Nsimire, wewe uliyebeba jina la aliyenizaa,

Salamu nyingi zisizo na kipimo. Huku tuko wazima kupita kiasi. Marie-Jeanne bado yuko kwenye ile nyumba ya wazee, anawaogesha na kuwalisha, na wazee wa Kizungu wanakataa kula asipokuwepo. Ketsia yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Namwambia jambo kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, na tunaelewana kama mawaziri wawili wa nchi mbili.

Habari zangu mimi utazisikia kwa watu. Nilipofika nchi hii daktari alinipima damu, akaenda kuwaita wenzake watatu waje waitazame. Gari sina kwa sababu sitaki. Mtu mkubwa huendeshwa. Treni ya Rooty Hill, dereva akiniona ninakuja kwenye ngazi anasubiri. Muulize Ketsia. Atakataa, kwa sababu ana wivu.

Kazini nimepanda. Nilikuwa nasafisha madarasa tu, sasa nimekabidhiwa ufunguo wa stoo ya zamani ya chuo cha udaktari, mjini kabisa, chumba ambacho maprofesa wenyewe wanaomba ruhusa kuingia. Kuna vichwa vya plasta, safu nzima, vya watu wa kila taifa. Kuna chuma kama koleo la kupimia upana wa kichwa, kuna kisanduku cha macho ya kioo ya kila rangi, na vipande vya nywele vimebandikwa kwenye kadi kama vitambaa dukani. Ndani ya droo kuna karatasi kubwa za koo za watu. Mwanamume wanamchora mraba, mwanamke duara, mistari inaonyesha nani alimzaa nani, vizazi vinne vitano. Wengine wamejazwa wino mweusi, wengi wameachwa weupe. Sikuhitaji mwalimu. Aliyejazwa ni mtu aliyejaa, mtu kamili.

Nikasema, huyu shangazi wa Goma anataka ushuhuda? Atapata ushuhuda wa kisayansi, ambao Goma yote haijauona. Nimekaa Jumapili tatu na rula ya Ketsia. Ukoo wetu wote, watu arobaini na mmoja, kuanzia babu yangu, yule aliyembeba Mbelgiji na pikipiki yake kichwani akavuka mto uliofurika, na Mbelgiji akiwa juu anavuta sigara. Wote nimewajaza wino mweusi tii. Ketsia ameipiga picha vizuri. Ichapishe kwa yule kijana wa fotokopi, kubwa, na umpe huyo mama.

Kuhusu maneno ya mwanamke wa Walungu: watu wa Walungu wanaongea. Ukoo wetu ni kama unavyouona kwenye karatasi.

Huyo Fidèle anajua kutengeneza friji za aina gani?

Baba yako Mdogo,
Bahizire


Kadutu
11 Juni 2021

Baba Mdogo,

Nimekawia kujibu, nisamehe. Umesikia ya Goma. Mlima wa volkano ulipofunguka tarehe 22 Mei, moto uliishia mbali na nyumba ya kina Fidèle, lakini ardhi ikaendelea kutetemeka siku nzima, usiku kucha, halafu serikali ikatangaza watu wahame. Fidèle alimleta shangazi yake kwa boti pamoja na watoto wawili wa jirani. Hawakuwa na mahali. Kwa hiyo Mama Katungu, ambaye hakutaka kupiga hodi kwetu bila karatasi, alipiga hodi na ndoo na godoro. Analala kitandani kwangu. Mimi nalala na Mama na goti lake.

Si mtu mbaya. Anaamka mapema, anafagia hata kwa jirani. Ila anatutazama. Nikikohoa anageuka.

Ushuhuda wako Mama alikuwa ameshaubandika sebuleni. Mama Katungu alisimama mbele yake muda mrefu, mikono mgongoni, kama mkaguzi wa shule.

"Ukoo umejaa," alisema. "Nyote mmejaa. Lakini huyu mmoja mbona hawakumjaza?"

Nikasogea. Ni kweli. Watu arobaini weusi, na mraba mmoja mweupe, safu ya tatu, pembeni ya baba yangu. Chini yake umeandika Bahizire.

Nikamwambia labda ni kwa sababu wewe ndiye mchoraji. Akasema, "Mchoraji si mtu?" Nikamtazama Mama. Mama akainuka kwenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni.

Baba Mdogo, kwa nini umejiacha mweupe?

Nsimire


Rooty Hill
25 Julai 2021

Mama yangu Nsimire,

Pole kwa mlima, pole kwa wageni, pole kwa kitanda. Mwambie mama yako namsalimu, asiende kuangalia sufuria mara nyingi.

Huku tumefungiwa. Lokdauni imetukamata sisi wa magharibi ya mji zaidi ya wengine. Polisi wako kituo cha treni, helikopta inazunguka juu ya Blacktown kama tumeiba mwezi. Mimi nina karatasi ya kupita kwa sababu kusafisha ni kazi ya lazima. Nimechanjwa, na nesi alisema mkono kama wangu hajawahi kuuchoma sindano tangu aanze kazi; ilibidi abadilishe sindano.

Sasa sikiliza. Ile karatasi iondoeni ukutani. Leo hii.

Kule stoo ameletwa binti mmoja Mkenya, Jerotich, anasomea udaktari wa historia, anaorodhesha kila kitu kilichomo. Ni sisi wawili tu jengo zima, na barakoa zetu. Siku moja nikamwonyesha nakala ya ukoo wetu. Nilitaka aone kwamba na sisi tunaweza.

Akaitazama. Akavua miwani.

"Mzee, nani amekuambia nyeusi ni nzuri?"

"Mimi si mzee, ni mtu mzima. Imejaa, si unaona."

"Hapa nyeusi ni mgonjwa. Ni mtu mbovu, mtu ambaye hatakiwi kuzaa. Umepaka familia yako yote, umebaki wewe tu msafi."

Mama, niliketi juu ya ndoo yangu.

Akanieleza, siku nyingi kidogo kidogo, mimi nikipanguza na yeye akiandika. Ilikuwa elimu kabisa, ilifundishwa na maprofesa. Waliiita yujeniksi, ilianzia Uingereza zaidi ya miaka mia iliyopita. Walisema watu wachaguliwe kama ng'ombe wa maziwa: walio bora wazae sana, wabovu wazuiwe. Amerika walikuwa wakishindanisha familia kwenye maonyesho ya kilimo, upande huu nguruwe, upande huu baba na mama na watoto, na washindi wanapewa medali. Huko huko makumi ya maelfu ya watu walikatwa uzazi kwa amri ya sheria, wengine bila kujua wamefanyiwa nini. Wajerumani wakachukua elimu hiyo wakawakata mamia ya maelfu, kisha wakaanza kuwaua wagonjwa ndani ya hospitali. Na hapa Sydney, Nsimire, hapa hapa, miaka mia iliyopita kulikuwa na chama cha watu waliovaa vizuri wakidai kila anayeoa alete kwanza cheti kwamba damu yake ni safi. Niliposikia hilo nikamkumbuka shangazi wa Goma.

Nikamuuliza Jerotich, hao wabovu ni kina nani? Akanionyesha orodha. Maskini, eti umaskini uko kwenye damu. Mlevi. Msichana aliyezaa nyumbani kwao. Asiyejua kusoma. Mimi niliacha shule darasa la tano, kwa hiyo nilijiona humo mara moja. Orodha ilikuwa inaendelea, sikuimaliza. Nikafungua droo zote nikitafuta ukoo wa yule aliyekuwa akichora. Haumo. Alichora watu wote akajisahau.

Iondoeni. Nimewatukana wazee wangu kwa rula na wino.

Kuhusu kile kisanduku changu cheupe, wino uliisha.

Bahizire


Kadutu
20 Agosti 2021

Baba Mdogo,

Karatasi tumeiondoa. Mama Katungu amerudi Goma. Alikaa kwetu siku kumi na nane, akaondoka akiacha nyumba inang'aa.

Salamu nitatuma nyingine siku nyingine. Leo ni neno moja. Unasema wino uliisha, lakini barua yenyewe, kurasa nne, umeiandika kwa wino ule ule.

Wazee wa kanisa wanakutana Jumapili ya tarehe 3 Oktoba, na Mama Katungu atakuja. Nimemuuliza Mama, ameniambia, "Si langu kulisema." Basi kuna kitu cha kusema. Nikikosa jibu lako nitasimama mbele yao niseme sijui, na wao wataelewa wanavyotaka.

Mimi siogopi jibu. Naogopa kuolewa na uongo, halafu nilale nao kila siku.

Nsimire


Rooty Hill
19 Septemba 2021

Mama yangu,

Kurasa hizi nimezipiga picha mwenyewe. Ukiona kidole gumba pembeni ni changu. Sikutaka kumpa Ketsia, baadaye utaona kwamba nilijisumbua bure.

Wino haukuisha. Nilifika kwenye mraba wangu siku ya Jumapili ya tatu, kalamu mkononi. Nilikuwa naamini anayejazwa ni mtu mzima asiye na kasoro. Nikashindwa. Mimi ninayedanganya hata treni, nilishindwa kudanganya kisanduku.

Mwenye kifafa ni mimi. Tangu nikiwa na miaka minane. Ndiyo maana sina gari. Serikali ya huku haikupi usukani ukiwa unaanguka. Vidonge ninavyomeza kila asubuhi nilimwambia Marie-Jeanne ni vya presha. Ile orodha ya Jerotich niliisoma yote, nilikudanganya. Mstari wa pili tu, sisi wa kifafa tumeandikwa.

Kuna la baba yako pia, nalo utalisamehe au utaliacha. Nilipomposa Marie-Jeanne tukiwa wakimbizi Kampala, watu wake nao walitaka ushuhuda. Kaka yangu Vénérand alisafiri kutoka Bukavu, siku mbili barabarani, akasimama akaapa kwamba kwetu hakuna ugonjwa wowote. Mtu yule ambaye alikuwa akimrudishia mwuza sukari chenji iliyozidi. Ni kiapo pekee cha uongo maishani mwake, na alikiapa kwa ajili yangu. Njiani kurudi kwenye basi hakula.

Mwezi uliopita nilianguka stoo, sakafu ikiwa bado na maji. Niliamka Jerotich amenilaza ubavu, ameweka sweta yake chini ya kichwa changu. Alimpigia Marie-Jeanne. Nikarudi nyumbani na hadithi tayari, kwamba nimeteleza.

Marie-Jeanne alikuwa anamenya viazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Bahizire, mimi naogesha wazee miaka tisa sasa. Unafikiri sijui kidonge cha kifafa na kidonge cha presha?"

Nikauliza, "Umejua tangu lini?"

"Kampala. Mwezi wa pili wa ndoa. Ulianguka kwenye kiti, ukaamka ukaniambia ulikuwa unasali."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri useme. Nimesubiri miaka kumi na tisa. Lete kile kisu kingine unisaidie."

Na Ketsia, akiwa amekaa pale pale na kompyuta yake ya masomo, akasema kwa Kiingereza kwamba hata yeye anajua. Halafu akarudia kwa Kiswahili, ili niwe na uhakika.

Basi ushuhuda wako huu hapa. Usome wote au uuchome wote, usiukate katikati.

*Mimi Bahizire, mkubwa wa ukoo kwa sasa, nashuhudia mbele ya wazee na mbele ya Mama Katungu. Kwetu kuna mtu wa kifafa. Ni mimi. Nina mke mmoja, mtoto mmoja mzima, na kazi. Kama kuna mwingine aliyekuwa nacho kabla yangu sijui, kwa sababu walificha kama mimi. Kama atakuwepo mwingine baada yangu sijui, na daktari wa huku naye amesema hajui. Nimeona vyeti vya damu safi kazini kwangu, ninavipanguza vumbi kila wiki. Siwezi kuandika kimoja. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba baba ya msichana huyu hakuwahi kuniacha chini peke yangu, na binti amelelewa na mtu huyo.*

Bahizire


Kadutu
10 Oktoba 2021

Baba Mdogo wangu,

Nakusalimu, na Mama anakusalimu, na safari hii analia na kucheka, sijui ipi niandike.

Nilisoma yote. Nilisimama na simu mkononi mbele ya wazee watano, na mahali pa Baba nilirudi nyuma, nikaanza tena. Kabla ya hapo Fidèle alikuwa ameshasema atanioa hata karatasi ije nyeusi yote. Mzee mmoja, yule aliyewahi kufika sebuleni kwetu, akamwambia, "Ilikuwa nyeusi yote, kasoro moja." Hata Mama alicheka.

Nilipomaliza, wazee walimgeukia Mama Katungu. Mama Katungu aliuliza, "Mke wake alijua?" Nikasema alijua. "Akakaa?" Nikasema alikaa. Akafungua mkoba, akafunga.

Kisha akasema, "Sitadanganya kanisani. Mimi sijafurahi. Ninaogopa, na nitaendelea kuogopa. Lakini nilifika kwa watu hawa na godoro kichwani, nikala siku kumi na nane, na hakuna aliyeniuliza damu yangu ina nini. Waandikieni tunakuja."

Watakuja kupiga hodi tarehe 11 Desemba. Utakuwepo kwenye simu, na wewe ndiwe utakayewafungulia mlango. Ukianguka katikati, tutakusubiri uamke, halafu tutaendelea.

La Baba nimelisamehe kabla sijamaliza sentensi.

Nina swali moja, na tafadhali usinijibu kwa hadithi. Nikizaa mtoto, akaanguka, nifanye nini? Usiniambie atakuwa mzima. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Nsimire


Rooty Hill
24 Oktoba 2021

Mama yangu Nsimire,

Tumefunguliwa. Watu wamejaa maduka ya Merrylands kana kwamba nguo ziligunduliwa jana. Tarehe 11 nitakuwa nimevaa suti, na Ketsia ameshajaribu simu mara mbili. Jerotich anakusalimu, anasema ile karatasi yangu ningempa aiweke kwenye droo pamoja na zile nyingine. Nimemwambia nitafikiri.

Swali lako nimelijibu mara tatu nikachana.

Haya ya kwanza ni ya Marie-Jeanne, amesimama nyuma ya kiti changu. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Usimbane kwa nguvu. Ondoa kilicho kigumu karibu yake, weka kitu laini chini ya kichwa, akitulia mlaze ubavu. Tazama saa, zikipita dakika tano hajatulia, mpeleke hospitali. Povu haliambukizi, atakayekuambia hivyo mfukuze.

Sasa amekwenda jikoni. Lililobaki ni langu.

Anayeanguka hajui kwamba ameanguka. Anafungua macho kama mtu anayetoka usingizini, na kitu cha kwanza anachotafuta ni uso wa aliye mbele yake. Anausoma huo uso ili ajue yeye ni nani sasa. Nimeamka mbele ya nyuso nyingi, Nsimire. Nyingine nilizisoma mara moja, na sijamaliza kuzisahau.

Mara ya kwanza ilikuwa shambani Walungu. Watu walikuwa wamerudi nyuma mpaka kwenye mihogo, mama yetu akishikwa na wanawake asinikaribie. Nilifungua macho, na aliyekuwa karibu ni baba yako, ana miaka kumi na mmoja, ameketi kwenye udongo anamenya muwa kwa meno. Aliponiona nimeamka akakata kipande, akanipa, akasema, "Umechelewa. Mimi nimekula kikubwa."

Uwe na uso huo.

Baba yako Mdogo,
Bahizire